Kidonge cha Jioni

Mtaa wa Kaloleni una ugonjwa wake wa tangu zamani, nao si kisukari. Ni kugawana. Nenda kwa jirani kuazima chumvi uone kama hutarudi na kitunguu na sukuma wiki juu yake, na ukikataa utaulizwa kama una kiburi. Kwa hiyo Ondiek alipochaguliwa kwenye utafiti wa dawa mpya ya kisukari, na jirani yake Ayuma akakataliwa, Apondi mkewe Ondiek aliona jambo hilo limekaa vibaya kabisa.

Ayuma alikataliwa kwa sababu ya figo. Sista wa utafiti alimweleza kwa upole kwenye ukumbi wa mtaa kwamba figo zake zimechoka, akamwomba aendelee na sindano zake za insulini bila kuruka hata siku moja. Ayuma alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyefukuzwa harusini. Sindano alizichukia. Tumbo lake lilikuwa limejaa alama, na kila jioni alipojidunga alifunga macho kama mtoto.

Utafiti nao ulikuwa na masharti, na yalisomwa kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, ili mtu asije akasema hakusikia. Nusu ya watu wangepewa dawa yenyewe. Nusu wangepewa kidonge cha kufanana nayo, kisicho na dawa ndani, na hata sista hangejua nani kapewa kipi. Ondiek, ambaye alikarabati mabehewa ya reli mpaka akastaafu, alisikiliza hayo yote akatabasamu.

"Watu watoke huko kote na magari yao waje kunipa mimi chaki?" alimwuliza mkewe njiani. "Hiyo ni ya kutisha wavivu."

Halafu kidonda cha mguuni, kile kilichomtesa tangu mvua za mwaka uliotangulia, kikaanza kufunga. Baada ya hapo nani angembishia?

Vidonge vilikuwa vya mara mbili, asubuhi na jioni. Ondiek mwenyewe ndiye aliyempa mkewe wazo. "Mama Eve, mimi naendelea vizuri. Hiki cha jioni kipelekee Ayuma. Hatuwezi kula wawili na jirani anatuangalia." Apondi akakiweka kwenye kisahani, akakifunika kwa kisahani kingine, akavuka ua. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Sista alipokuja kukagua alikuta kichupa kitupu, akamsifu mzee kwa uaminifu wake, na Apondi akajifanya anatafuta kiberiti. Hakusutwa sana na moyo. Angesutwaje, na Ayuma alikuwa anaimba tena akifua nguo?

Alhamisi asubuhi wimbo haukusikika. Apondi alimkuta Ayuma kitandani, anapumua kwa nguvu kama aliyepanda ngazi, pumzi yake ikinuka matunda yaliyooza. Alimwita jina mara nyingi. Ayuma alifungua jicho moja, akalifunga. Majirani walitafuta gari, Apondi akampigia simu Jacky, binti wa pekee wa Ayuma, aliyekuwa akiishi mtaa wa Lucky Summer, wakakutana hospitalini.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alishapima sukari, na sura yake haikuficha kitu. "Anajidunga insulini kila siku?"

Jacky alimtazama Apondi, maana Apondi ndiye aliyeishi karibu na mamake.

"Kila siku," Apondi alisema. Na aliamini hivyo.

"Kuna dawa nyingine anatumia? Ya kienyeji, ya kupewa na mtu, yoyote?"

Hapo Apondi aliuona akilini mguu wa Ondiek. Aliona kidonda kile kinachofunga, akaona mzee wake akitolewa kwenye utafiti kwa sababu ya mdomo wake yeye. Aliogopa, na woga ukamjibia.

"Hakuna."

Jacky alimwomba arudi mtaani kuleta leso za mamake na kitambulisho. "Auntie, we ndio unajua mahali anaweka vitu. Mimi siwezi mwacha hapa."

Ayuma hakuwa na friji. Insulini aliihifadhi jikoni, kwenye mtungi wa udongo uliotiwa mchanga, ambao alipaswa kuunyunyizia maji asubuhi na jioni ili ubaki baridi. Apondi alipomaliza kukusanya leso aliupitia mtungi ule, akatia mkono ndani bila sababu maalum. Mchanga ulikuwa mkavu na wa moto. Vichupa vilikuwa chini, vyote, vifuniko vyake havijaguswa.

Alikaa sakafuni. Alielewa yote kwa pamoja, na alitamani asingeelewa. Ayuma hakuwa ameongeza kidonge juu ya sindano. Alikuwa ameacha sindano. Alikuwa anaimba kwa sababu hachomwi tena.

Alipitia kwake akachukua kichupa cha vidonge bila kumweleza Ondiek kitu, akarudi hospitalini kwa bodaboda, akamshika daktari mkono wa koti na kumweleza kila kitu, kisahani, kidonge cha jioni, mtungi mkavu. Daktari hakumgombeza, jambo lililomwumiza zaidi. Alichukua kichupa cha Ondiek ambacho Apondi alikuwa amekibeba, akapiga ile nambari iliyoandikwa juu yake, akawaeleza watu wa utafiti kwamba kuna mgonjwa na lazima ijulikane kidonge kina nini. Aliambiwa asubiri. Akasubiri. Kisha akasikiliza, akashukuru.

"Mama, hicho kidonge hakina kitu. Ni unga tu. Hakikumdhuru."

Apondi akashusha pumzi. Alikuwa ameshafungua mdomo kumshukuru Mungu ndipo maana ya maneno yale ikamfikia.

"Hakina kitu?"

"Hakina."

"Na mguu wa mzee wangu?"

"Si kuna sista anamwosha kidonda kila akija? Na chakula amebadilisha?" Daktari aliongea taratibu. "Hiyo ndiyo imemsaidia."

Figo za Ayuma zilikuwa zimesimama. Walimtundikia dripu, wakampa ile insulini aliyoikimbia, wakasema anahitaji mashine ya kusafisha damu. Mashine zilikuwa na watu. Jacky alimfuata kila aliyevaa koti jeupe, akauliza, akaambiwa angoje. Apondi alibaki ameshika mguu wa Ayuma kupitia blanketi kwa kuwa hakuna kingine alichoweza kushika. Aliomba, na hata maombi hakujua ayapange vipi.

Ayuma alifariki kabla ya chai ya saa kumi. Jacky alimwangukia Apondi kifuani. "Auntie, umekuwa mathe wa pili kwake na kwangu," alisema, na hakumwachilia. Apondi alitaka kumwambia palepale. Alimpapasa mgongo tu, akajichukia.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado liko juu ya paa la ukumbi. Ondiek alikuwa kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli, kidonda kimebaki kiasi cha ukucha. Simu yake ilikuwa imezimika na hakuna aliyethubutu kumpelekea habari.

"Ayuma anaendeleaje?" aliuliza, kisha hakungoja jibu, akaonyesha mezani. "Leo hata cha asubuhi sikumeza, Mama Eve. Nimemwekea vyote viwili. Mpelekee haraka, atapata nguvu."

Apondi akafunua kisahani. Vilikuwa pale, viwili, vyeupe. Akavifunika tena polepole, akavuta kiti, akakaa karibu na mumewe, na hakujua aanze kumwambia lipi.