Maziwa ya Damari

Daktari aliongea na Yasinta kwa sababu mgonjwa mwenyewe, Damari, alikuwa amelala. Alilala palepale kwenye benchi la hospitali mjini Singida, saa nne asubuhi, kichwa ukutani, mdomo wazi, watu wakipita. Kwa miaka miwili Damari alikuwa akilala popote: kanisani, shambani, hata mbele ya sufuria mpaka ugali unaungua. Uso ulimvimba, nywele zikapukutika, baridi haikumtoka hata jua la mchana, na sauti ikawa nzito mpaka majirani wakimsikia anaita kuku hudhani ni mumewe. Watu wa kijijini kwake Mtinko hawakumhurumia. Walimpa jina la Mama Mto, wakasema Fabiano kaoa gunia la alizeti, tena heri gunia, maana likikamuliwa hutoa mafuta.

Kumbe ilikuwa tezi. Daktari alieleza kwamba shingoni mwa mtu kuna tezi inayoupa mwili joto na nguvu, na ya Damari ilikuwa imechoka kazi. Dawa ipo, kidonge kidogo cheupe, ila ni dawa ya maisha na ina masharti. Ameze kimoja kila alfajiri, kwa maji matupu, kabla hajatia kitu tumboni. Asile chochote mpaka ipite saa nzima. Maziwa yakae mbali kabisa, maana yanaizuia dawa isiingie mwilini. Baada ya wiki sita arudi kupimwa damu. Alimtaka Yasinta arudie, naye akarudia yote bila kukosea hata neno, kama mtoto wa kipaimara mbele ya mchungaji. Daktari akamsifu kwamba ana kichwa chepesi.

Huyu Yasinta alikuwa mdogo wake Damari, mtoto wa mama yake mdogo wa Kinyangiri. Aliletwa kusaidia kazi mpaka dada apone, ikasemwa ni mwezi mmoja hivi. Sasa ulikuwa mwaka wa pili na alikuwa ameota mizizi. Ndiye aliyekamua ng'ombe, ndiye aliyeshika funguo za stoo, ndiye aliyempelekea shemeji yake Fabiano chakula cha mchana kwenye bustani ya vitunguu. Na huko kwenye vitunguu, tusifichane, alikuwa akikaa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kumaliza sahani ya ugali. Fabiano alikuwa amemwahidi kwamba kiangazi kikiisha na Damari bado yuko vile, atamrudisha kwao, na Yasinta atabaki mwenye nyumba.

Huko Kinyangiri hakuna aliyejua hilo. Mama yake Yasinta alikuwa akisimama kwenye kikundi cha akina mama na kushuhudia jinsi binti yake alivyoacha ujana wake akamuuguze dada. Wenzake walitoa machozi.

Kwa hiyo kidonge kile cheupe, kidogo kuliko punje ya mahindi, kilikuwa kimekuja kumfukuza Yasinta. Damari akipona, yeye anarudi Kinyangiri kuswaga mbuzi. Alilijua hilo tangu daktari alipotamka kwamba dawa ipo, na moyo wake, badala ya kufurahi, uliingia ubaridi.

Alfajiri ya kwanza hakuwa amepanga kitu. Alitoka zizini na kibuyu cha maziwa mkononi, akamkuta Damari amekaa kitandani, amejifunika blanketi mbili, kidonge kiganjani. Akamuuliza, kwa ile sauti yake nzito, daktari alisema kimezwe na nini.

"Na maziwa, dada," alisema Yasinta. "Maziwa ya moto. Na ule kitu kwanza, dawa ni kali."

Neno lilitoka lenyewe, laini kabisa. Akachemsha chai ya maziwa mazito, akaleta na viazi vitamu, akakaa pembeni kuhakikisha dada yake amekula ndipo ameze. Damari alimshika mkono akamwombea kwa Mungu ampe mume mwema. Yasinta akaitikia amina.

Basi ikawa hivyo kila siku. Majirani waliona moshi jikoni kabla hakujapambazuka, wakamsifu binti wa watu. Yasinta mwenyewe alijiambia kwamba hakumpa mtu sumu. Maziwa si sumu. Kuna wagonjwa wangapi wanalilia maziwa na hawayapati?

Wiki sita zilipopita walirudi hospitali. Damu ilikuwa ileile. Daktari aliuliza kama masharti yanafuatwa, na Damari hajafungua kinywa, Yasinta akawahi kujibu kwamba yanafuatwa yote. Daktari akaandika vidonge viwili. Wiki sita nyingine, damu imesogea kidogo tu. Akakuna kichwa, akaandika vitatu. Yasinta alicheka moyoni. Hata angeandika kumi, maziwa yapo.

Ila maziwa hutoka kwa ng'ombe, na ng'ombe hakuwa mwenzake katika njama hii. Katikati ya mwezi wa kumi, majani yamekauka mpaka mizizi, ng'ombe alikata maziwa. Yasinta alizunguka nyumba kwa nyumba na kibuyu chake, akaambulia vikombe viwili vya siku mbili. Viazi navyo vilikwisha. Alipomwomba Fabiano hela ya maziwa ya dukani, Fabiano alimwambia wanywe chai ya rangi kama watu wengine. Naye Damari, ambaye hata njaa ya asubuhi hakuwa nayo, akawa anameza vidonge vyake kwa maji, kisha anangoja chai mpaka jua lichomoze. Yasinta hakujali sana. Aliona dawa imeshashindwa na kiangazi kinakaribia kwisha.

Hakujua kwamba vile vidonge vitatu viliandikwa, bila daktari mwenyewe kujua, kupambana na maziwa yake. Sasa viliingia mwilini vyote, bila kizuizi.

Wiki ya kwanza Damari alitupa blanketi moja. Ya pili akaamka mwenyewe, akafagia uwanja kabla Yasinta hajanawa uso. Ya tatu alikuwa mtu mwingine: uso umeshuka, sauti imerudi, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unamdunda mpaka kitambaa cha gauni kinaruka. Hakuweza kutulia. Alipanga upya stoo nzima, na alipomaliza, funguo zilibaki kiunoni mwake. Mchana alisema leo chakula cha mume wangu nakipeleka mimi. Aliporudi kutoka kwenye vitunguu alimtazama Yasinta kwa macho makavu.

Siku ya kupimwa damu ilipofika, Damari alikwenda peke yake. Yasinta alishinda akizunguka uwanjani na kanga yake imefungwa vibaya, akiomba daktari asimuulize kitu. Lakini daktari gani asiyeuliza? Damari alirudi jioni na karatasi, akala, akasema dawa imepunguzwa, sasa ni viwili. Usiku huo Yasinta alifunga nguo zake kwenye shuka.

Alfajiri alikutwa mlangoni na huo mzigo. Damari alikuwa ameshaamka, amekaa kwenye kigoda jikoni, na Fabiano pembeni yake ameitwa bila kuambiwa sababu.

"Sema masharti uliyopewa na daktari," alisema Damari.

Yasinta alijaribu kulia. Damari alimngoja amalize, kisha akamwambia tena aseme. Akasema. Kimoja alfajiri, kwa maji matupu, tumbo tupu. Saa nzima bila kula. Maziwa yakae mbali kabisa. Hakukosea hata neno, maana kichwa chake kilikuwa chepesi kwelikweli.

Fabiano alisikiliza mpaka mwisho. Yasinta alimtazama, akingoja atie neno, lolote. Fabiano alichukua jembe. "Shemeji, mimi sikukutuma," alisema, akaenda zake kwenye vitunguu. Miezi mingi ilikuwa imepita tangu amwite shemeji wakiwa hawana mgeni.

Yasinta akainua mzigo wake.

"Weka chini," alisema Damari. "Uliletwa hapa unisaidie mpaka nipone. Sijapona. Daktari anasema ni dawa ya maisha."

"Dada, niache niende."

"Nenda. Nami nakuja nyuma yako. Hayo masharti utayarudia kanisani Kinyangiri, mbele ya mama yako na kikundi chake. Au urudie hapa jikoni, kila alfajiri, mimi nikisikiliza. Chagua."

Damari hakupaza sauti. Alikuwa na furaha, na hakuificha. Yasinta alikaa na mzigo mkononi mpaka kukapambazuka kabisa, akamwona akilini mama yake amesimama mbele ya wale wanawake, na kitambaa chake cheupe kichwani. Kisha akauweka chini.

Alichota maji mtungini, akampa dada yake kikombe kwa mikono miwili, akapiga magoti. Damari alimeza vidonge viwili, akamwashiria aanze kusema. Alipomaliza kusema, wote wawili wakakaa na njaa kungoja saa nzima ipite.