Taya la Kiboko

Hivi, wewe umewahi kulamba jiwe?

Usicheke kwanza. Ukiokota kitu korongoni na hujui kama ni jiwe tu au ni mfupa uliogeuka jiwe, kipanguse vumbi, halafu kiguse kwa ncha ya ulimi. Jiwe litateleza. Mfupa wa kale utaung'ang'ania ulimi kama unaotaka kukunyonya mate, maana ndani yake bado kuna vitundu vidogo vidogo. Ndivyo alivyotufundisha mwalimu Violeth wa chuo kikuu kule Chimwaga, alipopita kijijini kwetu, nje kidogo ya Chamwino, akatukuta mimi na wifi yangu Restuta tumejaza sinia zima la vipande tusivyovijua majina. Tulikuwa tukiviokota kwa sababu vinapendeza, basi. Wengine hufuma vitambaa.

Akakaa nasi mpaka jua likapinda. Hiki gamba la kobe, hiki jino la nguruwe pori, hiki kichwa cha kambale. Kambale! Huku kwetu ambako mwanamke anafukua mchanga wa mto mkavu ndipo apate ndoo ya maji! Restuta alikipapasa kile kichwa cha kambale kama anayepapasa kichwa cha mtoto mwenye homa.

Mwalimu Violeth alituwekea masharti, na tuliyashika. Kilichokwisha kung'oka chenyewe tunaokota na kumtunzia. Kilichoshikamana na ukingo hatugusi. Hiyo ni mali ya taifa, tunachomeka kijiti chenye kitambaa, tunapiga picha kwa simu yangu, anakuja yeye na wenzake wenye kibali. Na jembe marufuku. Jembe halijui mfupa, alisema. Kwa hiyo tulitembea na msumari mrefu, brashi ya kupakia rangi, na sahani ya bati ya kuzolea vumbi.

Sasa, mwishoni mwa kiangazi hiki kilichopita, Restuta aliona jino limechungulia kwenye ukingo wa korongo, refu, limepinda. Tukachomeka kijiti, tukatuma picha. Mwalimu akapiga simu palepale, sauti imepanda juu: "Bibi zangu, msiliguse! Nadhani ni kiboko. Nakuja Jumatatu."

Restuta akanirudishia simu kabla mwalimu hajakata.

Nilijua kwa nini. Mwanawe Kefa ana duka la vifaa vya ujenzi Mbeya, na alikuwa amepanga kuja kumchukua mama yake Jumamosi akaishi naye. Nyumba ya vigae, maji ndani, wajukuu. Ndugu wote tulisema ni jambo jema. Alipoambiwa, Restuta alijibu, "Sawa, mwanangu," akaenda kufunga mbuzi. Hao mbuzi walikuwa wameshahamia kwangu. Godoro lake limeshafungwa kamba. Kwa hiyo Jumatatu hiyo ya mwalimu, wifi yangu asingekuwepo.

Ijumaa asubuhi nilikuwa uani napeta uwele. Upepo ukageuka. Makapi yaliyokuwa yanaenda kwa jirani yakanirudia usoni, na upepo ule ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Nikainua macho. Juu yetu mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kufunika kuku. Lakini kule milimani, korongo linakoanzia, kulikuwa kweusi kama chungu kilichozoea moto.

Nikaweka ungo chini nikaenda kwa Restuta. Mlangoni ameegemeza mti, maana yake hayupo. Nikatazama darini tunapochomeka vifaa vyetu. Msumari hakuna, brashi hakuna, sahani hakuna.

Mimi si mtu wa kukimbia. Siku hiyo nilikimbia, khanga mkononi.

Korongo letu lina kina cha kama watu wawili waliosimamiana mabegani. Juu udongo mwekundu, chini yake tabaka jeupe kama unga wa muhogo, gumu, na humo ndimo mifupa inamotoka. Wakati wa kiangazi chini ni mchanga mtupu, njia ya ng'ombe. Nilishuka kwa makalio. Nikakuta miguu ya wifi yangu imetokeza chini ya ukingo, yeye mwenyewe kajilaza kwa ubavu kwenye shimo alilolichimba kama panya.

"Wifi! Toka humo!"

"Siku hizi hakuna hata salamu?"

"Shikamoo. Toka humo."

"Marahaba. Sitoki."

"Mvua imeshika milimani, Restuta. Nyeusi!"

"Si iko milimani? Sisi tuko huku. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

"Mwalimu alisemaje?"

"Mwalimu atakuja Jumatatu. Jumatatu mimi nimekaa kwenye kochi Mbeya kama bibi harusi, naulizwa chai au soda. Na mvua ikija leo, huyo mwalimu atakuta nini? Matope. Nipe brashi hiyo, acha kuhema."

Hakuwa amekosea kuhusu matope. Mvua ya kwanza ndiyo inayoleta mifupa, na ndiyo inayoibeba. Lakini alikuwa amechimba kutokea chini, kitu ambacho hata anayechimba choo hafanyi. Ukingo wote ulikuwa umening'inia juu ya kichwa chake.

Nikainama nimshike mguu nimvute. Ndipo nami nikaliona.

Halikuwa jino peke yake. Lilikuwa taya zima, upande mmoja, urefu wa mkono wangu toka kwapani hadi vidoleni. Jino lile la mbele limepinda, na lina mistari myembamba ya urefu kama bua la mtama lililokauka. Nyuma yake magego, yamesagika kwa kutafuna, kila moja lina viduara vitatu vitatu vilivyoshikana, ukingo wake unang'aa mweusi. Kiboko. Alikaa hapa, kwenye maji, akala majani hapa.

"Umeona?" Restuta akasema taratibu. "Umeona, wifi?"

"Nimeona. Sasa toka."

Alikuwa ameanza kujivuta, namshuhudia. Mkono mmoja alikuwa ameshautoa nje. Udongo ukatoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja muwa, na ukingo ukashuka.

Vumbi likanijaza macho. Nilipoweza kufungua, nilimwona amekaa, uso mweupe kwa vumbi, kinywa wazi. Mzima. Lakini pande kubwa la lile tabaka jeupe lilikuwa limelala juu ya mguu wake wa kulia, toka gotini kwenda chini, na lile taya limo ndani yake, magego yanatazama juu.

"Umevunjika?"

"Sijui. Vidole nachezesha. Hautoki tu."

Nikalisukuma lile pande. Halikutikisika. Nikageuka kutafuta jembe, kichwa hakijafikiri, mikono inatafuta jembe ambalo miaka yote tumekatazwa kulileta na tukatii. Nikashika sahani ya bati, nikaanza kuondoa udongo pembeni mwa mguu. Natoa sahani moja, mchanga unajirudisha nusu. Restuta naye akichokonoa kwa msumari. Sahani ikapinda.

Kisha nikasikia lori. Hivyo ndivyo nilivyodhani, lori la mchanga linapanda mahali, mbali. Restuta akaacha kuchokonoa.

"Huku hakupiti lori," akasema.

Nikapaza sauti. Nilipiga yowe ambalo sijalipiga tangu tulipounguliwa na ghala. Ukingoni juu akatokea Matonya, mchungaji anayetutania kila akitukuta tunalamba mawe, shuka begani, fimbo mkononi.

"Mbukwenyi, wala mawe!" Alitusalimu kwa Kigogo, bado anacheka. "Leo mmepata kitoweo gani? Tokeni humo, ng'ombe wangu wamegoma kushuka, hata nikipiga..."

Akamwona Restuta. Hakumaliza. Aliruka, akatua mchangani mpaka magotini.

Alitia fimbo chini ya lile pande, akainua kwa mabega. Pande likapanda kidogo, Restuta akalia, fimbo ikakatika. Akajaribu kwa mikono. Mishipa ya shingo ikamtoka. Hapo kwenye kona ya korongo pakaingia kitu cha rangi ya chai ya maziwa, polepole, kinasukuma povu na samadi ya mbuzi na vijiti mbele yake. Huo ulikuwa ulimi tu. Maji yenyewe yalikuwa nyuma yanaunguruma.

Matonya akaokota jiwe la ukubwa wa kichwa. "Tulivunje. Likikatika katikati, nusu naiondoa."

"Ukilipiga utaanza na mimi!" Restuta akalalia lile taya, kalikumbatia.

"Mama, maji hayo!"

"Nayaona. Chimbeni."

Yakafika. Ya moto kwanza, kwa sababu ya mchanga, halafu nyuma yake baridi. Yakatupita vifundoni, yakajaza kale kashimo nilikochimba, udongo wote ukarudi mguuni kwake kama uji. Nikajua hakuna tena kuchimba.

"Matonya, nipe jiwe," nikasema.

"Bibi, acha mimi..."

"Nipe. Wewe mshike kwapani, ukisikia limelia, vuta."

Nikapiga magoti majini mbele ya Restuta. Kitu ninachojivunia katika maisha yangu ni mikono isiyo na haraka. Nimetoa gamba la kobe vipande kwa vipande, siku nzima, bila kupoteza hata kimoja. Yeye anajua hilo kuliko mtu yeyote.

"Wifi, toa mikono."

"Hatutapata jingine kama hili."

"Najua."

"Dorkasi, limekaa humo tangu dunia haijapata majina."

"Kiboko huyu alishakufa, wifi. Wewe bado."

Akanitazama. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni pale alipokaa, khanga yake imefura pembeni kama puto. Akasema, chini chini, mimi peke yangu nilisikia, "Na kesho je?"

Sikuelewa anauliza nini. Na kama ningeelewa, hapo hapakuwa mahali pa kujibu. Akatoa mikono.

Nilipiga baina ya magego, pale palipokuwa pembamba. Mara ya kwanza lililia kama bakuli la udongo wa kuchoma. Mara ya pili mchirizi ukapita katikati ya viduara vile. Nikapiga tena, na tena, nalia huku napiga, na lile pande likakatika vipande viwili. Matonya akasukuma kimoja kwa mguu, akavuta. Restuta akatoka kama mtoto anayezaliwa, bila kandambili, ngozi ya muundi imechunika yote.

Njia ya ng'ombe ilikuwa hatua chache tu, lakini maji yalikuwa magotini na yanatembea na magogo. Matonya akambeba mgongoni. Mimi nilishika mkia wa shuka yake. Gogo moja lilinipiga nyonga nikaanguka, nikanywa matope, sikuachia shuka. Tulipofika juu nilisikia kishindo nyuma yangu. Ukingo wote wenye kijiti chetu ulikuwa umeingia majini, na pale palipokuwa na shimo pamekuwa mto.

Tukakaa chini kati ya ng'ombe. Juu yetu jua lilikuwa bado linawaka, hata tone halijatuangukia.

Kefa akatukuta hapo. Alikuwa amewahi kufika, akakuta nyumba tupu, majirani wakamwelekeza, akaja na bodaboda. Aliruka kabla haijasimama. Alipiga magoti, akaushika mguu wa mama yake, akaugeuza huku na huku. Halafu hofu yake ikageuka hasira.

"Mama, mifupa? Ulitaka kufa kwa ajili ya mifupa?"

Restuta anatazama maji.

"Na wewe, mkazamjomba, mtu mzima! Badala ya kumzuia!"

"Usimgombeze bibi," Matonya akasema. "Ndiye aliyemtoa."

"Nashukuru, kaka. Nashukuru sana." Kefa akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Lakini mnaona wenyewe. Ndiyo maana nasema hapa hapakufai, mama. Tunapita hospitali sasa hivi, wakufunge huo mguu, na kesho alfajiri tunaondoka. Kule hutashika hata ufagio. Utakaa, utapumzika. Tumeelewana?"

Nilimtazama wifi yangu, nikangoja. Nilidhani analilia taya lililochukuliwa na maji. Midomo yake ilikuwa inacheza, na vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania nyasi za pale ukingoni, zile kavu, mpaka zinang'oka.

"Mama, tumeelewana?"

"Kefa," akasema. Sauti ilikuwa imekauka. Akakohoa matope, akatema pembeni, akaanza upya. "Kefa, mwanangu, mimi sitaki kwenda Mbeya. Tangu siku ile uliponiambia, sitaki. Nilitaka mtu mmoja tu aniulize, nimjibu kwamba nataka kubaki hapa."