Soli ya Bi Futi

Bi Futi alikuwa na hakika kwamba mguu wake wa kushoto umerefuka. Hakuambiwa na mtu. Aliupima mwenyewe.

Ilikuwa wiki ya tano tangu abadilishiwe nyonga ya kushoto, na kila aliposimama na fremu yake ya kutembelea alijiona kama meza yenye mguu mmoja uliozidi. Basi siku moja, binti yake akiwa kazini, alisimama mbele ya kioo cha kabati, akashika futi yake ya kitambaa kiunoni, akaiacha ncha ya bati ishuke mpaka sakafuni. Upande wa kulia, inchi thelathini na nane. Upande wa kushoto, thelathini na nane na nusu. Akarudia. Ikawa vilevile.

"Jicho hukosea, futi haikosei," akajisemea. Maneno hayo aliyasema miaka arobaini mbele ya cherehani yake, akiwaambia wateja walioapa kwamba hawajanenepa, na ndiyo yaliyompa jina.

Alichukua kipande cha sponji, akakivika kitambaa cha jinzi, akakishona kwa mkono mpaka kikawa soli nadhifu ya nusu inchi. Kiatu cha kulia alikivuta kwa kijiti kirefu chenye ndoana, alichotengenezewa na mkwewe ili asiiname, akaitia soli ndani. Aliposimama alijiona amenyooka kama mstari wa chaki. Fundi ni fundi.

Kesho yake misuli ikacharuka. Tangu hospitali ilikuwa ikimbana kidogo, kubana kwa adabu. Sasa ilikuja bila hodi. Shavu la mguu wa kushoto lilikaza likawa gumu kama jiwe, vidole vikajikunja, na yeye akabaki ameng'ata ncha ya kanga asipige kelele. Akikaa, inakuja. Akilala, inakuja. Akawa hatulii: kitini, dirishani, kitandani, kitini tena, fremu ikigonga sakafu ko, ko, ko.

"Mama, umekalia siafu?" binti yake alimuuliza. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na hata nyumbani aliuliza kama anayesahihisha madaftari.

"Nanyoosha mwili. Si ndivyo tulivyoambiwa?"

"Maumivu je?"

"Maumivu gani? Nikakimbie mbio sasa hivi?"

Mwalimu alimtazama, akamwongezea mto nyuma ya mgongo.

Bi Futi aliyaona hayo, mto na mengine mengi. Aliona jinsi mkwewe, ambaye ni seremala, alivyokiinua kitanda kwa magogo manne ili magoti ya mama mkwe yasipande juu ya nyonga. Aliwapenda. Lakini hapa kwa binti yake hapakuwa kwake. Kwake palikuwa chumba cha mbele chenye cherehani ya kukanyaga, dirisha la upande wa asubuhi, na sare za shule zilizokatwa zikingoja kushonwa. Na Alhamisi ndiyo siku yenyewe. Mama Hatua, yule mtaalamu wa mazoezi aliyekuja kila wiki kumfundisha kutembea, angesema kama Bi Futi anaweza kurudi kwake au la. Mwalimu alishaanza kusema, "Kwani lazima urudi? Kaa nasi moja kwa moja." Akijua habari ya misuli, maneno yatakuwa yamekwisha. Kwa hiyo Bi Futi alifunga mdomo.

Jumanne mchana alikuwa amejinyoosha kitandani, miguu imetenganishwa kwa mto kama alivyoagizwa. Kupitia dirishani alisikia randa ya mkwewe ikilamba ubao uani. Ghafla shavu la mguu likakaza. Safari hii lilikaza hasa. Alisahau kanga, alisahau heshima, akapiga yowe, akainuka na kuinama ili avikamate vidole vyake.

"Mama, usiiname!"

Seremala alikuwa mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisimama hapo akihangaika. Mguu wa mama mkwe haushikwi hivi hivi. Kisha akaona futi shingoni mwa Bi Futi.

"Nipe hiyo, mama. Wewe lala."

Aliizungusha chini ya unyayo wa kushoto, akampa ncha zote mbili.

"Vuta. Vidole vije kwako. Goti lisikunjike. Polepole."

Bi Futi akavuta. Seremala alishika kisigino kwa kiganja kimoja, uso wake ameugeuzia ukutani, akiikazia macho saa ya ukutani kana kwamba anaisoma kwa mara ya kwanza.

"Saa ngapi?" Bi Futi aliuliza katikati ya machozi.

"Saa nane na... mama, hata sioni."

Wakacheka wote wawili, na msuli ukalegea.

Alipokuwa akisogeza viatu chini ya kitanda, Seremala akakuta soli. Aliigeuza, akaisifia mshono, akauliza ni ya nini. Bi Futi akamweleza yote: kioo, futi, nusu inchi.

Seremala akakuna kidevu. "Meza ikiyumba, mama, mimi sikimbilii kukata mguu. Kwanza naangalia sakafu."

"Mimi si meza, baba."

"Kweli, mama. Samahani."

"Na mke wako asijue."

Seremala aliirudisha soli ndani ya kiatu. "Kusema, sisemi. Lakini akiniuliza, sitamdanganya."

Hilo lilimnyima Bi Futi raha kuliko msuli wenyewe. Jumatano nzima alizunguka chumba. Alikunja nguo zilizokunjwa. Alisogeza fremu, akairudisha. Kila Mwalimu alipofungua mdomo kumsemesha mumewe, yeye alidakia kwa swali la chumvi au la mvua. Akamtazama yule kijana anavyokula kichwa chini, asiyeweza hata kuomba maji kwa sauti. Kumbe siri yangu mwenyewe nimemtwisha mtoto wa watu, akawaza.

Alhamisi Mama Hatua akafika na mkoba wake begani. Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa kazini. Seremala alijibanza karibu na mlango kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani.

Bi Futi alitembea hadi dirishani na kurudi. Vizuri. Akakaa na kusimama. Vizuri pia.

"Usingizi? Misuli haikazi?" Mama Hatua aliuliza.

Mwalimu aligeuka kumtazama mumewe. Seremala akatazama sakafu.

"Usimuulize huyo," Bi Futi akasema. "Niulize mimi. Inakaza. Kila siku. Na kuna kitu ndani ya kiatu."

Mama Hatua aliweka mkoba chini. Alimlaza, akapapasa shavu la mguu mmoja, halafu la pili, akilinganisha joto na uvimbe, akatazama rangi ya ngozi. Kisha akashusha pumzi.

"Ni misuli tu. Lakini wewe ulijuaje? Damu ikiganda ndani ya mshipa, nayo huanza kwa maumivu hapahapa. Maumivu ya mguu baada ya upasuaji huyafichi hata siku moja. Unapiga simu." Akainua soli. "Na hii?"

"Mguu umerefuka. Nimeupima."

"Ulisimama vipi ulipopima?"

"Nilisimama kama ninavyosimama."

"Yaani kiuno upande. Nileteeni ubao mpana." Seremala alishaondoka kuuleta. Wakauweka kitandani, Bi Futi akalazwa juu yake amenyooka, Mama Hatua akamweka kiuno sawa kwa mikono miwili. Akachukua futi ileile, akapima kuanzia mfupa wa kiuno hadi kifundo, kila upande, akampa Mwalimu asome.

"Sawasawa," Mwalimu alisoma. "Mama, ni sawasawa."

"Misuli ya kiuno bado imejikunja, inavuta upande. Itanyooka. Ila ulipouinua mguu wa kulia kwa soli hii, wa kushoto ukawa unatembelea vidole kutwa. Usikaze?"

Bi Futi aliitazama dari. Mara ngapi aliwafokea wanagenzi wake kwamba kitambaa kilichokunjamana hakipimwi, kwanza kipigwe pasi?

"Basi nimeshindwa," alisema polepole. "Sirudi."

"Leo hurudi. Unanipa wiki mbili, bila soli. Maji unywe. Na mguu ukiwa umenyooka, nyayo juu, chini, mara kumi kila saa. Si mshonaji wewe? Kanyaga cherehani hewani."

Mama Hatua alipoondoka, Mwalimu alikaa ukingoni mwa kitanda. "Ungepatwa na jambo, mama, ningemwambia nani?"

"Niliogopa utanifunga hapa."

Mwalimu aliichukua futi, akaikunja, akaikunjua.

"Kiti chako cha cherehani, kile cha kule kwako, kina kimo gani? Kisije kikawa kifupi kwa nyonga yako."

"Nadhani inchi kumi na sita..."

"Usikisie." Alikuwa ameshasimama, futi shingoni, akimwita mumewe achukue penseli. "Twende tukakipime."

Bi Futi alibaki peke yake. Alisikia lango likifungwa. Akaunyoosha mguu juu ya ubao, akaanza kukanyaga: juu, chini, juu, chini.