Mim ya Bader

Ndani ya daftari dogo la kijani, mbele ya neno refu la Kijerumani, palikaa herufi moja ya Kiarabu: م. Haikuwa kubwa kuliko punje ya mtama, lakini ilikuwa siku ya nne Bi Kheiria hajaweza kuipita.

Daftari lilikuwa la mwanawe Bader. Alikwenda Hamburg, mji wa bandari Ujerumani, kusomea kazi za meli, na mwezi wa Januari baiskeli yake iliteleza kwenye barafu, gari likampitia. Aliletwa kwao Muscat, Omani, akazikwa Amerat. Begi lake lilifika baada yake, likakaa miezi sita nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Ghubra, limeegemea kabati, zipu imefungwa kama mdomo wa mtu aliyeapa kunyamaza. Bi Kheiria alilifungua kwa sababu harufu ya sabuni ya mwanawe ilikuwa imeanza kupotea chumbani, akadhani ataikuta humo. Hakuikuta. Alikuta daftari.

Aliyelisoma ni Noof, binti wa dada yake, anayemwita khala; ni mwalimu wa darasa la tatu. Aliiweka simu juu ya karatasi, ikamfasiria mstari mmoja mmoja.

"Ni pahala pa kula na kunywa, khala," alisema, akacheka kidogo. "Bader na tumbo lake! Mkate wa samaki, karibu na gati la vivuko. Mkate wa mdalasini, nyuma ya kituo cha treni. Supu ya samaki. Na tazama, kila palipomridhisha katia mim. Mumtaz, bora kabisa. Kama mimi ninavyowatilia wanafunzi wangu."

"Na hii hapa?" Bi Kheiria aligusa alama nyengine, iliyofanana na herufi *h* ndogo.

"Hiyo halali, bila shaka."

Walikwenda hivyo ukurasa hata ukurasa, mim na *h*, *h* na mim, na kwa nusu saa Bi Kheiria alihisi kama anayetembea nyuma ya mwanawe. Kisha kidole cha Noof kikasimama. Mbele ya neno *Alsterwasser* hapakuwa na *h*. Palikuwa na mim, tena yenye alama ya mshangao.

"Nini hiyo?"

"Kinywaji tu, khala."

"Noof. Mimi si mwanafunzi wako."

Noof aliizima simu kwanza, ndipo akasema. "Bia. Bia iliyochanganywa na maji ya limau."

Siku ya pili ya matanga ya Bader, jirani yao Sabah, kikombe cha kahawa mkononi, alisema si kwa ubaya, kama wanavyosema watu wasiojua uzito wa ulimi wao: "Baridi ya huko, dada, vijana hawaivumilii bila ya kitu." Neno lile Bi Kheiria alilimeza kama mwiba wa samaki. Hakuuliza mtu Bader alikuwa anatoka wapi jioni ile, wala kwa nini iliteleza baiskeli aliyoipanda kila siku. Aliswali, akamwombea, akaunyamazia mwiba. Sasa mwiba ulikuwa umepata jina, na jina limeandikwa kwa mkono wa mwanawe mwenyewe, likapewa mumtaz.

Tangu hapo, kila alipofika kwenye dua, ulimi ulikwaa. Alitaka kusema "mja wako mwema" na maneno hayatoki. Si kwamba mapenzi yake kwa Bader yalipungua. Alikuwa kama aliyetakiwa kumtolea mtu ushahidi, akagundua hamjui.

Siku ya tano Sami alikuja. Alikuwa akikaa chumba kimoja na Bader huko Hamburg, na sasa yuko likizo kwa wazazi wake Amerat. Kijana mrefu, amekonda, kanzu yake ya dishdasha imempwaya mabegani. Bi Kheiria alimwekea tende na mkate wa kumimina, akamtazama akila kwa ncha za vidole, mtu anayekula ili asikatae.

"Kula, mwanangu. Au huko mmezowea vyenginevyo?"

Aliyasikia mwenyewe makali ya sauti yake. Sami aliacha kutafuna.

Bi Kheiria alilitoa daftari chini ya mto, akalifungua bila ya kutafuta. Lilikuwa limeshajua kufunguka pale. Aliweka kidole juu ya neno.

"Nambie kweli. Usinihurumie. Alikuwa akinywa?"

Sami aliinama. Mabega yakaanza kutikisika, na Bi Kheiria akadhani analia. Kumbe anacheka, kicheko kilichojaa maji.

"Nisamehe, mama. Wallahi nisamehe. Hilo lilitupata siku moja ya joto. Alster ni ziwa lao, katikati ya mji. Bader akaona kwenye orodha *Alsterwasser*, akanambia, 'Wasser ni maji, haya maji ya ziwani, ya bei rahisi.' Akaagiza mawili. Kapiga mafunda matatu, anasema limau ya watu hawa ina uchungu. Mhudumu ndiye aliyemwambia. Mama, alisukutua mpaka midomo ikawa myekundu! Hakula tena siku ile."

"Kwa nini basi akalitilia mumtaz?"

"Mumtaz?"

"Mim hiyo."

Sami alilivuta daftari karibu. Alilitazama, kisha akasema polepole, kama anayemvua mtoto kiatu kinachobana: "Hiyo si mumtaz. Hiyo ni Mama."

Mashine ya baridi ilinguruma ukutani. Bi Kheiria hakusogeza kidole.

"Ulikuwa uje Hamburg Aprili," Sami alisema. "Akasema, mama yangu sitampeleka pahala nisipopakalia mwenyewe. Kila Jumamosi tunazunguka. Palipo na mim ndipo utakapopelekwa. Na hiki kinachofanana na *h*, hiki kiti. Tazama: mgongo, na miguu miwili. Maana yake pana viti vya kuegemea, kwa ajili ya magoti yako. Na hii ya mshangao ni tahadhari. Alinambia, 'Mama neno analolijua la Kijerumani ni moja tu, nimemfundisha mwenyewe. Atakaa hapa, ataona *wasser*, ataagiza kwa maringo.'"

Ni kweli. Alimfundisha kwenye simu, akimcheka. "Ukishikwa na kiu, mama, sema *wasser*." "Vasa," alisema yeye. "Vasa, vasa," akawa analirudia huku akikosha vyombo, mtu mzima wa miaka sitini na miwili na neno lake jipya.

"Bader," alisema Bi Kheiria. Hilo tu. Lilitoka bila ya kukwaa.

Sami alidhani yamekwisha, akanyoosha mkono kulifunga daftari. Bi Kheiria alimzuia. Aligeuza mpaka ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Palikuwa na jina la mgahawa mmoja na njia uliopo, na mbele yake nafasi tupu. Hapana mim, hapana kiti.

"Na hapa?"

Sami alitazama zulia.

"Hapa hamkuwahi kwenda?"

"Mimi sikwenda. Nilikuwa na mtihani."

"Na yeye?"

Kabla hajajibiwa Bi Kheiria alishajua; alijua kama mama anavyojua homa kabla ya kugusa paji la uso.

"Alikwenda, mama," alisema Sami. "Hakufika."

Hakulia. Alilainisha karatasi kwa kiganja, mara mbili, tatu, kama anayekunjua kanzu ya mtoto kabla ya kumvisha. Mwiba wa Sabah ulikuwa umetoka. Mahali pake pameachwa tundu, na tundu lile sasa lilikuwa na umbo la kiti.

"Mgahawa wenyewe upo bado?"

"Upo. Mimi huzunguka njia nyengine."

"Unarudi lini?"

"Jumapili."

Alimsogezea daftari juu ya meza, likapita baina ya tende na kikombe, likasimama mbele yake.

"Basi ukirudi, ingia. Ukae. Utazame viti, kisha uandike."

Sami alilichukua kwa mikono miwili. "Na kunywa, mama? Niagize nini?"

"Agiza maji," alisema Bi Kheiria. "Lakini uliza kwanza."