Kikapu cha Mwenyekiti

Kufuli lilikuwa jipya, na kibandiko cha duka kilikuwa bado kimeng'ang'ania mgongoni mwake. Niliusukuma mlango wa ofisi ya chama cha wakulima kwa bega, nikausukuma tena, ingawa nilijua vizuri kwamba kufuli halisukumwi. Ndani kulikuwa na masanduku ya kura, karatasi za kura na wino wa kupaka vidoleni. Nje tulikuwa mimi, umande, na Chepchirchir, mwalimu wa shule ya msingi na mkulima mwenzetu aliyekuwa akigombea uenyekiti. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani kwa ajili ya siku hiyo.

"Kogo, sasa tutafanya aje?" aliniuliza. Kogo ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuwa nyanya ya watu nisiowazaa.

Nilikuwa nakitazama kile kibandiko. Mtu akikufungia mlango amekudharau. Akikufungia kwa kufuli la bei rahisi amekudharau mara mbili. Wapo wanaosema siku hizi kwamba asubuhi ile nilikuwa na hekima. Sikuwa nayo. Nilikuwa na hasira, na hasira ya mwanamke aliyepita miaka sabini, aliyechuma chai tangu akiwa bibi harusi, si kitu cha kuchezea.

Mimi ni Marcella Nyakerario. Nilizaliwa Kisii, nikaolewa na Sagini, tukahamia huku Konoin kwa Wakipsigis, juu kidogo ya Mogogosiek, enzi ambazo barabara ilikuwa matope matupu. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe, nikapewa kikapu, na baada ya miaka mingi nikapewa kiti katika kamati ya chama chetu cha wakulima wa chai. Kiti chenyewe kilikuwa kimewekwa kule pembeni, karibu na dirisha lililovunjika kioo. Nilikichukua, nikakisogeza mezani.

Kamati hiyo niliwahi kuiacha mara moja. Zamani mke hakuwa na namba ya mkulima. Alichuma yeye, akabeba yeye, akapanga foleni yeye, na jina lililoandikwa likawa la mume. Niliomba wanawake waandikishwe kwa majina yao. Wanaume wakacheka, na mmoja akaniuliza kama Sagini anajua niko pale. Nilisimama, nikaiacha chai yangu mezani ikipoa, nikaenda nyumbani. Niliporudi, miaka ilikuwa imepita, na walionirudisha ni wanawake wenye namba zao.

Tangu hapo nikawa makamu, na Kiptanui akawa mwenyekiti. Huyo Kiptanui, mwaka ule wa machafuko, sisi Wakisii tulipokuwa tukifukuzwa, alilala langoni kwetu na rungu lake mpaka fujo zikapita. Tuligombana karibu kila mkutano, na nilimpenda sana.

Sagini mume wangu ni mtu wa redio. Mwaka wa 2019 aliniita kutoka jikoni nije nisikie: rais wa Tunisia amefariki, na aliyeapishwa siku hiyo hiyo ni spika wa bunge, mzee wa miaka themanini na mitano. Mzee huyo aliwahi kuwa waziri sisi tukiwa bado vijana. Sasa alikuwa amepewa nchi aishike tu, mpaka watu wapige kura.

"Utaona," Sagini alisema. "Huyo hatoki. Kiti ni kitamu."

"Atatoka," nikamwambia.

Tukawekeana kuku. Kabla mwaka haujaisha redio ikatangaza kwamba kura zimepigwa, mzee amemkabidhi mshindi kiti na kwenda zake. Nilimla kuku wa Sagini mpaka nikavunja mifupa.

Basi miaka michache baadaye Kiptanui alipofariki, moyo ukamsimama katikati ya shamba msimu wa mvua, tulimzika, tukarudi nyumbani na viatu vizito kwa matope, na Sagini akaniambia, "Haya, dada ya yule mzee wa Tunisia. Zamu yako."

Katiba ya chama chetu ilisema makamu atashika uenyekiti kwa miezi mitatu, ataitisha uchaguzi, na yeye mwenyewe hatagombea. Muda ukiisha bila kura, kamati inaweza kumwongezea. Niliapa kwa Biblia mbele ya wakulima, nikiwa nimevaa makoti mawili kwa baridi.

Hazikupita siku nyingi Kipkurui akaja nyumbani. Kipkurui alikuwa mwanakamati, mwenye shamba kubwa kuliko sisi sote na maduka kule Kapkatet. Alikuwa akigombea uenyekiti dhidi ya Chepchirchir. Alikunywa chai yangu vikombe viwili kabla ya kutoa kilichomleta.

"Mama, hii maneno ya uchaguzi tuache kwanza. Watu bado wanaomboleza mzee. Wewe kaa tu hapo kwa kiti, hata miaka miwili. Nani atakuuliza?"

"Katiba itaniuliza."

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ukweli isemwe. Wewe ni mama, na tena ni mtu wa Kisii. Ukitoka kwa hicho kiti, utakikalia tena lini?"

Hapo alinipata. Nilijua anachokitaka: Chepchirchir alikuwa anapendwa, na Kipkurui alitaka muda upite mpaka watu wamchoke. Mimi ningekaa kwenye kiti, yeye angekaa nyuma ya kiti. Niliyajua yote hayo, na bado maneno yake yaliniingia. Kiti kile nilikitaka. Nilikuwa nimekitaka miaka yote niliyokaa kando yake nikimnong'oneza Kiptanui majibu. Kwa juma zima nilichuma chai nikijiona nimekaa pale, na kila nilipojiona nilipendeza.

Mwishowe nilimwambia Sagini. Alizima redio, jambo ambalo huwa halifanyi hata kwa pasta.

"Ukikaa," alisema, "utanirudishia kuku wangu."

Kesho yake nilitangaza tarehe ya uchaguzi. Mambo ya mazishi na ya mawakili wa chama yalikuwa yametula siku, kwa hiyo tarehe hiyo iliangukia siku ya mwisho kabisa ya muda wangu. Ndiyo maana kufuli lile liliwekwa. Jua likizama bila kura, kamati ingekutana na kuniongezea miaka miwili nitake nisitake, na kamati ilikuwa mfukoni mwa Kipkurui.

Basi pale mlangoni nilimwambia Chepchirchir akabadilishe gauni aende shambani, kwa sababu mimi pia nilikuwa naenda shambani. Akaniangalia kama mtu aliyesalitiwa. Lakini ilikuwa siku ya kuchuma, na chai haingoji siasa. Isitoshe, mimi hufikiri vizuri mikono ikiwa na kazi.

Saa sita nilishusha kikapu changu kwenye banda letu, mahali majani hupimwa kabla ya lori la kiwanda kuyachukua. Mstari ulikuwa mrefu kufika barabarani. Kwetu, vikapu ndivyo vinavyopanga foleni. Unaweka chako nyuma ya cha mwenzako, kisha unaenda zako kivulini kunyonyesha, kusinzia au kusengenya. Kikapu ni wewe. Hakuna anayekiruka na hakuna anayekigusa. Jackton, dereva wa lori, aliwahi kusogeza kikapu cha mtu kwa ncha ya kiatu ili gari lipite, na wanawake hawakumsalimu mpaka Krismasi.

Kikapu kimoja tu kilikuwa na ruhusa ya kupita vingine, nacho ni cha mwenyekiti. Hata kikifika mwisho, kiliwekwa mbele. Kiptanui aliikuta desturi hiyo, akaiacha kama alivyoikuta. Nilipokuwa kaimu, Kiplangat karani wa mizani alikuja kukichukua changu akipeleke mbele. Nilimwambia akiache, mimi ni wa muda tu.

Nikasimama kuvitazama vile vikapu. Kipkurui alikuwa amefikiria kwamba siku ya kuchuma ni siku nzuri ya kuzuia kura, kwa kuwa mkulima hawezi kuacha majani yake yaungue kikapuni ili aende kubishana na kufuli. Na kweli hakuna aliyekwenda ofisini. Wote walikuwa hapa, au kwenye mabanda mengine kama hili.

Nilipanda kwenye sakafu ya banda, nikagonga mizani kwa kijiti.

"Ofisi imefungwa," nikawaambia. "Sanduku za kura ziko ndani. Lakini nyinyi hamko ndani, mko hapa, na vikapu vyenu viko hapa. Anayemtaka Kipkurui aweke kikapu chake upande huu wa barabara. Anayemtaka Chepchirchir aweke upande ule. Katiba inasema wanachama ndio huamua vile watapiga kura. Mnakubali ama hamkubali?"

Nikasikia ng'ombe wa mtu akilia ng'ambo ya mto. Kisha mama mmoja akainuka kivulini, akakitoa kikapu chake mstarini, akavuka nacho barabara. Baada ya hapo kelele zilizotoka sijawahi kuzisikia tena.

Jackton alipeleka habari kwa mabanda mengine kwa lori lake, na ndani yake walikaa wakala wa Kipkurui na wakala wa Chepchirchir, wamebanana kama maharusi wasiopendana. Kipkurui mwenyewe alifika na pikapu iliyojaa wafanyakazi na vikapu.

"Mama, hii si election! Hii ni mchezo ya watoto!"

Hakuna aliyemjali. Watu walikuwa wanavuka barabara kwenda huku na huku, wakitaniana. Aliona mstari wa Chepchirchir ukirefuka, na hapo hapo akaona kwamba mchezo wa watoto una maana. Akawaamuru wafanyakazi wake washushe vikapu vyote upande wake.

"Kikapu haina kura!" mzee mmoja alimpigia kelele. "Mwenye kikapu ndiye ako na kura!"

"Weka kimoja, Kipkurui," nikasema. "Kimoja kama sisi."

Alisimama pale na suti yake, mshipa wa hasira ukimsimama shingoni. Kisha akashusha kimoja kwa mikono yake mwenyewe. Naamini ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kubeba majani yake.

Lori lilirudi jua likiwa bado juu ya vilima. Mawakala wakashuka, wakanipa hesabu za kila banda, na zote mbili zilikubaliana. Nilizijumlisha, nikazijumlisha tena nikitumaini nimekosea. Kipkurui alikuwa ameshinda. Mabanda ya bondeni, ambako aliwahi kupeleka tingatinga kutengeneza barabara, yalimpa karibu vikapu vyote. Alikuwa amefunga kufuli kuzuia ushindi wake mwenyewe.

Nilitangaza hivyo, na iliniuma. Kwa dakika chache nilimchukia kila mtu aliyeweka kikapu upande ule, na baadhi yao niliwashika wakizaliwa. Chepchirchir alinivuta kando, machozi yamemjaa machoni.

"Kogo, si ungekaa tu? Miaka miwili ningekuwa nimejipanga. Wewe ndio umempatia."

"Si mimi," nikamwambia. "Wao."

"Na kufuli yake?"

"Kufuli lake limevunjwa na vikapu. Wewe hukuliona likivunjika?"

Alifuta macho kwa kiganja chenye utomvu wa chai, akaenda kukaa kando ya kikapu chake. Nilimwelewa. Nami ningekuwa na umri wake ningejikasirikia.

Nilimwendea Kipkurui katikati ya watu wake waliokuwa wamembeba mabegani. Nilinyoosha mkono.

"Ufunguo," nikasema.

Walimshusha. Aliutoa mfukoni taratibu, mbele ya watu wote, na hapo hata waliomchagua walianza kunong'onezana. Tulipanda pamoja mpaka ofisini, akafungua kufuli lake, nikampa mhuri wa chama, nikachukua koti langu la pili lililokuwa kwenye kiti.

"Umechaguliwa na vikapu," nilimwambia mlangoni. "Usije ukasahau."

Sagini alikuwa amechinja kuku niliporudi. Tulimla redio ikiwa imezimwa.

Siku ya kuchuma iliyofuata nilifika bandani, nikaweka kikapu changu katikati ya mstari, nikakaa. Pikapu ya Kipkurui ikaja. Omariba, mfanyakazi wake, akashuka na kikapu kimejaa pomoni, akavipita vikapu vyetu vyote, akakiweka mbele kabisa, chini ya mizani. Kiplangat akanyoosha mkono akipime. Watu waliendelea na mazungumzo yao, maana desturi ni desturi.

Niliinuka, magoti yakilalamika. Nikaenda mbele, nikakishika kikapu cha mwenyekiti kwa masikio yake mawili, nikakiinua. Watu wakageuka kunitazama. Nikakibeba kando ya mstari mzima, nikakipita changu, nikaendelea mpaka mwisho, nikakiweka chini nyuma ya kikapu cha Chepchirchir.

Kipkurui alikuwa ameteremsha kioo cha pikapu. Angeweza kusema kwamba nimegusa kikapu cha mtu, na angekuwa na haki, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Mama," alisema.

"Mwenyekiti," nikamwitikia.

Nilimngoja aseme la pili. Akapandisha kioo. Kiplangat akakohoa, akaita kikapu cha kwanza, nami nikarudi kukaa kando ya changu, nikangoja zamu yangu.