Wageni wa Anne

Theluji ilianguka usiku kucha, na asubuhi mtaa wao wa Neasden, huko ughaibuni, ulikuwa umezibwa kabisa. Shule zilifungwa. Mabasi yalisimama, na kwa kuwa Njenga alikuwa dereva wa basi, baba mtu naye akageuka mtoto: alitwaa beseni la kufulia, akamkalisha mwanawe Eddie ndani, akamsukuma kwenye mteremko nyuma ya nyumba mpaka wote wawili wakabiringika. Tatiana, dada mtu, alikuwa akipiga picha huku akicheka. Maureen, mama yao, aliwatazama kutoka dirisha la jikoni, mikono imejaa unga wa chapati. Hakukumbuka ni lini wote wanne walikuwa nyumbani pamoja siku ya kazi.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Justin, wa ofisi ya kampuni inayomtuma Maureen kuwahudumia wazee majumbani mwao.

“Leo usitoke. Tumefuta zamu zote. Usalama wako kwanza.”

“Na Anne je?”

“Anne ana friji.”

“Friji haitembei, Justin! Yule mama hawezi hata kubeba sufuria. Na anakaa mtaa wa pili tu, sihitaji basi.”

“Ukiingia kule bila zamu, bima haikuhusu, na kazi utakuwa umeiacha mwenyewe.”

Maureen akaweka simu mezani. Usalama! Baridi ya mwaka jana aliteleza kwenye barafu akaumia kiwiko, akapiga simu ofisini, na Justin huyuhuyu akamuuliza kama angechelewa sana kwa mteja anayefuata. Leo ndiyo wamekumbuka kwamba ana mifupa?

Njenga akaingia na theluji mpaka kwenye nyusi, akasikiliza kisa chote. “Mama Tati, tulia. Wakikufuta tutafanyaje?”

“Nitulie vipi? Nyumba nzima inanukia chapati, na yeye pale hajanywa hata chai!”

“Si uende tu,” Tatiana akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. “Kwani kumtembelea mtu ni kazi?”

Maureen akamkazia macho binti yake. Kisha akavua sare aliyokuwa ameivaa tangu alfajiri, akavaa gauni lake la kanisani na koti. Chapati zilipoiva akazitia kwenye hotipoti, akachukua sukari na majani ya chai, maana kwao mtu haendi ugenini mikono mitupu.

“Vaeni viatu. Tunaenda wote.”

Walipofika, Njenga alinyoosha mkono kwenye kisanduku cha ufunguo kando ya mlango, kile kinachofunguliwa kwa namba. Maureen akaupiga ule mkono.

“Namba hiyo ni ya kazi. Sisi ni wageni.” Akabisha. “Hodi, Anne!”

Kila siku alikuwa akiingia tu, akianza na vidonge. Leo alisimama nje akisikiliza kigari cha Anne cha kutembelea kikiburuzwa, kikisimama, kikiburuzwa tena. Akianguka je?

Mlango ukafunguka. Anne alikuwa na gauni la kulalia, mikono baridi kama chuma.

“Umechelewa,” akasema, kisha akawaona wengine. “Hawa nani?”

“Watu wangu. Tumekuja kukutembelea, ukituridhia.”

Anne akashika kichwa. “Jamani, na sijachana nywele! Ingieni, ingieni.”

Chai ilikuwa haijapoa Justin alipopiga tena. “Uko wapi?”

“Kwa rafiki yangu. Amenifungulia mlango mwenyewe.”

“Maureen, nilikuambia...”

“Uliniambia nisifanye kazi. Sifanyi. Sasa niambie wewe: mzee Laurean wa zamu yangu ya pili, nani amempelekea chai? Na wale wengine wote mliowafuta?”

Maureen akamwongezea Anne chai.

“Wewe umekunywa chai leo, Justin?”

“Nimekunywa,” akajibu kwa sauti ndogo.

“Basi utapiga ukiwa na jibu.” Akakata. Huenda kazi ilikuwa imekwenda.

Njenga alikuwa ameshasimama, anafunga koti.

“Huyo Laurean,” akauliza, “anakaa wapi?”