Asubuhi Ambayo Gari Halikuwashwa

Fundi Macharia hakugusa mlango wala tairi. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa, kisha akamtazama Soipan kama mtu aliyemshika mwizi wa kuku.

"Mama, hii gari mmeiwasha leo."

"Nimeiwasha saa kumi na mbili," Soipan akajibu. "Mimi huiwasha kila siku."

Macharia akamgeukia Joram, kijana aliyemleta kutoka Kitengela amkagulie Subaru hiyo ya turbo kabla hajainunua. "Umeona? Gari ya turbo ukipata imepashwa moto, jua kuna kitu unafichwa. Turbo ikichoka, moshi hutoka ile dakika ya kwanza, injini ikiwa baridi. Ikishapata moto inajifanya mtakatifu." Akamrudia Soipan. "Kizuri chajiuza, mama. Hakihitaji kupashwa."

Uso ulimchoma Soipan. Miaka hamsini na nane hapa Kajiado hajamuuzia mtu hata maziwa yenye tone la maji, na leo anaitwa tapeli uani kwake mwenyewe. Angeweza kueleza, ila hakujua aanzie wapi.

Gari lilikuwa la Leshan, mwanawe wa pekee, ambaye figo zilimmaliza mwezi wa nne. Alilinunua likiwa kuukuu, akalitunza kuliko wengine wanavyotunza wake zao. Aliposhindwa kutoka kitandani alimfundisha mamake, Yeyo kama alivyomwita kwa Kimaasai, kuliwasha. "Yeyo, iache ingurume kidogo, oili ifike kwa turbo. Usiikanyage ikiwa baridi." Kisha alilala dirisha likiwa wazi, akisikiliza. Walipomzika, Soipan hakuacha. Kila alfajiri aliliwasha dakika kumi, na kwa hizo dakika kumi alikuwa bado ana mtoto.

Sasa Tabitha, binti wa Leshan, alikuwa anaingia shule ya bweni Januari, na babake hakuacha kingine cha kuuza. Gari lisiponunuliwa, msichana angebaki nyumbani.

"Tutarudi kesho," Macharia akasema. "Usiiwashe. Nikipata ni ya moto, tunaenda zetu."

Asubuhi iliyofuata Soipan aliamka kabla ya jogoo, akaketi kitandani, mikono ameibana katikati ya magoti isije ikachukua ufunguo. Saa kumi na mbili ikafika, ikapita. Kimya hicho kilimuuma kuliko siku ya mazishi, maana siku ile angalau watu walikuwa wakiimba.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Gideon, mumewe, blanketi mabegani. Tangu mazishi Gideon hakuwa amemtaja mwana wao. Kwa Wamaasai wa zamani jina la marehemu halitamkwi, na Gideon, ingawa ni mzee wa kanisa, alishikilia mila hiyo kabisa. Isitoshe, gari lenyewe alilichukia. Aliliita pikipiki yenye milango, na hakuwahi kulipanda hata siku moja. Soipan alikuwa ameshaamua kwamba moyo wa mume wake ni jiwe.

"Mbona hujaiwasha?" Gideon akauliza.

"Wanataka waikute baridi."

Akasimama hapo kama mtu aliyepotea kwake. "Mimi hukaa hapo nyuma ya nyumba nikiisikiliza," akasema. "Kila siku. Nilidhani unajua."

Hakujua. Miezi minane walikuwa wamelia pande mbili za ukuta mmoja, kila mtu peke yake. Soipan akajifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti, na Gideon akaketi kando yake mpaka jua likatoka.

Saa tatu wale wawili wakafika. Macharia alipapasa boneti, akatikisa kichwa kukubali, akamwambia Joram awashe huku yeye amechuchumaa nyuma ya bomba la moshi. Gari likawaka mara moja. Moshi haukutoka. Fundi alisikiliza injini sana, akaifungua hapa na pale, akainusa oili, kisha akavua kofia.

"Mama, nisamehe kwa yale ya jana. Miaka ishirini niko kwa hii kazi, na sijaona turbo imetunzwa hivi. Mwenye hii gari alikuwa mtu makini sana."

"Alikuwa," Gideon akasema. "Na mimi siku alipoinunua nilimwambia ni mtu ovyo. Hata akiwa mgonjwa sikuyarudisha hayo maneno."

Joram aliinamisha kichwa, akasema gari analichukua.

"Kijana," Gideon akamwambia, "kabla hujaenda, naweza kuingia kidogo?"

Akaingia upande wa abiria, akafunga mlango, akakigeukia kiti kitupu cha dereva. Midomo yake ikaanza kutembea. Injini ilikuwa ikinguruma, kwa hiyo nje hawakusikia neno. Lakini Soipan, aliyeishi naye miaka thelathini na sita, alijua anaomba msamaha, na alijua amechelewa.